Autokrosi kwa mara ya kwanza: usalama, adabu za dereva na kazi ya koni

Kila msimu ukianza maswali ni yaleyale. Gari yangu ya kwendea kazini itakubaliwa? Helmeti ya pikipiki inafaa? Nikigonga koni nalipa? Nikipotea njia katikati nifanyeje? Nimeyajibu kwa mdomo mpaka koo limekauka, safari hii naandika yote sehemu moja ili mtu akiniuliza namtumia hii afu tunaonana uwanjani.

Ila kabla hatujaanza, kuna kitu wageni wengi hawakijui mpaka wafike. Siku nzima ya autokrosi utaendesha dakika chache mno. Raundi moja mara nyingi haifiki hata dakika moja na nusu, ukipata raundi 4 au 6 piga hesabu mwenyewe, hazifiki dakika kumi. Muda mwingine wote uko kwa miguu, na sehemu ya huo muda umesimama katikati ya lami unainua koni zilizogongwa huku wenzako wanakuja mbio mbele yako. Kwahiyo nimeegemea sana huko. Kuendesha utajifunza taratibu, hakuna anayekukimbiza, lakini kusimama kwenye koni unatakiwa ujue siku ya kwanza saa ya kwanza, manake ukikosea kule kwenye koni anayeumia ni mtu, sio bampa.

Kwa asiyejua kabisa: hapa naongelea autokrosi ya lami na koni, ile ambayo chama cha SCCA cha Marekani wanaiita Solo. Uwanja mpana wa lami, eneo kubwa la maegesho au kiwanja cha ndege kisichotumika, njia inachorwa kwa koni, gari zinashindana na saa na sio bega kwa bega. Zinaachiwa kwa nafasi, hakuna kupitana. Gari nyingi zinamaliza njia nzima kwenye gia ya pili tu. Sehemu zingine, mfano Uingereza na Kenya, neno autokrosi ni mbio za kwenye udongo au nyasi, huko sheria za gari ni tofauti ila adabu na bendera hazitofautiani sana.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Leseni halali, na kama hujafika miaka 18 mzazi awe amesaini fomu. Vilabu vingi vinataka mzazi asaini mbele yao kabisa kwahiyo usije na karatasi tu mkononi.
- Helmeti inayokubalika (nitaielezea hapo chini, ndo swali namba moja).
- Viatu vya kufunika mguu mzima, soli nyembamba. Ndala na sandozi hapana, wala usijaribu, hata kwenye koni hutaruhusiwa.
- Geji ya upepo na pampu ndogo.
- Wili spana, ikiwezekana ile ya kupima nguvu.
- Maji mengi kuliko unavyodhani, kofia, mafuta ya kukinga jua, na koti la mvua hata kama mbingu nyeupe pe.
- Tepu ya rangi ya kubandikia namba mlangoni kama huna namba za sumaku.
- Boksi au turubai la kuwekea vitu utakavyotoa ndani ya gari. Hili watu wanalisahau sana afu wanajaza vitu vyao juu ya lami, mvua ikinyesha wanalia.

Gari yenyewe: karibu gari yoyote ndogo yenye paa na iliyo nzima inafaa. Zinazokataliwa mara nyingi ni zile ndefu kwenda juu na nyembamba kwa chini, manake zinapinduka. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba urefu wa gari kwenda juu usizidi upana wa kutoka katikati ya tairi la kushoto mpaka katikati ya tairi la kulia. Kama una gari ya juu juu au ya paa la turubai, uliza kabla hujalipa kiingilio, usifike pale ukaanza kubembeleza mkaguzi.

Hatua kwa hatua

1. Angalia helmeti yako leo, sio asubuhi ya mashindano.
Geuza helmeti, inua kitambaa cha ndani pembeni, kuna stika imebandikwa kwenye gamba. Isome. Herufi SA maana yake imepimwa kwa ajili ya magari, na kitambaa chake kimejaribiwa kwa moto. M ni ya pikipiki, haina kipimo cha moto, ila autokrosi nyingi za gari za kawaida zinaikubali. Baada ya herufi kuna mwaka, mfano SA2020 au M2020. Snell, shirika linalopima helmeti hizo, wanatoa kiwango kipya kila baada ya miaka mitano hivi na vilabu vinaacha vile vya zamani taratibu, kwahiyo helmeti iliyopita miaka mitatu iliyopita inaweza isipite leo. Sehemu zingine wanakubali pia stika za Ulaya za ECE. Yenye stika ya DOT (kipimo cha barabarani cha Marekani) peke yake mara nyingi inarudishwa. Na kama iliwahi kuanguka kwa nguvu au kugongwa, hiyo sio helmeti tena, ni pambo. Huna? Vilabu vingi vina za kuazimisha, tuma ujumbe mapema na ubebe kitambaa chako cha kichwani, utanishukuru.

2. Kagua gari siku mbili kabla.
Siku mbili ili ukikuta tatizo uwe na muda wa kwenda kwa fundi. Mkaguzi ataangalia haya, we yaangalie kabla yake:

Nati za matairi zote zipo na zimekazwa kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, hakuna iliyokosekana hata moja. Shika tairi juu na chini utikise, afu kushoto na kulia, ikicheza kuna beringi au jointi imekwisha. Betri imefungwa haichezi, hili linawarudisha watu wengi sana nyumbani, mtu amebadilisha betri akaiweka ndogo akaiacha inaelea elea. Kanyaga breki kwa nguvu ushikilie, pedali isizame. Kanyaga mafuta uachie, pedali irudi juu yenyewe haraka. Hakuna mafuta wala maji yanayovuja. Mikanda ya viti inashika na haijachanika. Matairi hayana nyuzi zilizoonekana wala vidonda pembeni.

Upepo ongeza kidogo juu ya ule ulioandikwa mlangoni, kama psi 3 mpaka 5 kwa matairi ya kawaida, afu uwanjani utarekebisha.

3. Fika mapema, endesha kama unatembea.
Kuanzia getini mpaka unapoegesha, mwendo ni wa mtu anayetembea. Kuna watoto, kuna watu wamelala chini ya gari miguu imetokeza, kuna mtu anarudi nyuma na trela hakuoni. Usichome matairi, usipige resi, usitoke na mbwembwe barabarani nje. Naomba hili ulichukulie kwa uzito kuliko unavyofikiri, viwanja vya kufanyia mchezo huu ni vichache na mwenye kiwanja akipigiwa simu mara mbili na majirani anafunga geti, na akishafunga hafunguliwi mtu yeyote. Kuna mahali tumepoteza uwanja kwa ajili ya kijana mmoja aliyetaka kutuaga kwa moshi.

4. Toa kila kitu ndani ya gari.
Nikisema kila kitu namaanisha kila kitu. Kapeti ya miguuni upande wa dereva, chupa, chaji, miwani, sarafu kwenye kishimo cha milango, tairi la akiba na jeki kama hazijafungwa vizuri, kiti cha mtoto, vifuniko vya plastiki vya kwenye rimu. Afu kaa kwenye kiti chako, yumbisha mwili kushoto kulia, usikilize. Kitu kikigonga popote hujamaliza.

Mimi kwenye raundi yangu ya pili kabisa maishani nilisikia kitu kinabingirika chini ya kiti kila nikikata kona. Ilikuwa ni betri ndogo za tochi, mbili, sijui hata ziliingia lini. Kwenye kona ya mwisho moja ikaja mbele ikasimama sentimita chache kutoka kwenye pedali ya breki, nikaiona kwa jicho la pembeni nikasahau hata njia inaelekea wapi. Betri ya tochi! Ingeingia chini ya pedali ningekuwa na hadithi nyingine kabisa.

5. Pita ukaguzi bila ubishi.
Fungua boneti, helmeti iwe kwenye kiti, buti wazi. Mkaguzi akikuambia kitu hakijapita, uliza nini kinatakiwa, kirekebishe, rudi. Wengi wao ni watu wa kujitolea na nao wanataka kwenda kuendesha. Ukimletea ubishi wa kisheria hapo, we ndo utakuwa wa mwisho kwenye foleni.

6. Tembea njia kwa miguu, mara tatu angalau.
Ya kwanza tembea tu na watu, ona inapoelekea. Ya pili tembea peke yako kimya, chuchumaa kidogo mara mojamoja uone koni kwa kimo cha macho ya mtu aliyekaa garini, kwa sababu ukiwa umesimama njia inaonekana wazi ila ukikaa inageuka kuwa bahari ya rangi ya chungwa. Ya tatu ifanye huku unakariri: kushoto, kulia, geti (koni mbili unazopita katikati yake), zigizaga ya koni tano naanza kulia...

Koni iliyolala inaelekeza, ncha yake inaonyesha koni iliyosimama ambayo unatakiwa upite upande wake usio na ile iliyolala. Yaani ile iliyolala ni mshale, na kwa kawaida ukigusa mshale huadhibiwi, ukigusa iliyosimama ndo unahesabiwa.

Adabu ya kutembea: usihamishe koni hata kama unaona imekaa vibaya, mwambie aliyechora njia. Usitembee na mbwa. Na wakitangaza njia imefungwa toka, usiombe "dakika moja tu".

7. Hudhuria mkutano wa madereva, na usikilize.
Ni lazima, ukikosa huendeshi. Watasema bendera zinamaanisha nini siku hiyo, vioo viwe juu au chini, unatokea wapi, unafanya kazi zamu ya ngapi. Simu mfukoni. Kama hujaelewa uliza hapohapo mbele ya wote, kuna wageni wengine kumi wana swali hilohilo wanaona aibu.

Mwisho wa mkutano jitaje kuwa mgeni na uombe mwalimu akae na wewe. Karibu kila klabu wana wazoefu wanaopenda kazi hiyo, na hakuna gharama.

8. Zamu ya koni. Hapa tulia usome taratibu.

Utapewa kituo, reflekta, redio labda, bendera nyekundu, na mtungi wa kuzimia moto. Mko wawili watatu mpaka wanne kwenye kituo. Kabla gari ya kwanza haijaachiwa kubalianeni: nani anashika bendera, nani redio, nani anakimbilia koni za upande gani. Afu kila mtu aangalie nyuma yake aamue atakimbilia wapi gari ikija kwake. Hilo la mwisho ufanye kweli, sio kichwani tu, tembea hiyo njia hatua tano uone haina kitu cha kukukwaa.

Usisimame upande wa nje wa kona, pale gari inapotokea. Gari ikishindwa kukata inakwenda nje, haiendi ndani. Usikae chini, usilete kiti, usichukue video, usichezee simu hata kujibu "niko kazini". Usiipe mgongo gari inayotembea, hata sekunde. Na siku hizi kuna gari za umeme, masikio hayakusaidii chochote, inakuja kimya mpaka unasikia matairi tu na hapo imeshafika. Macho ndo kazi.

Siku moja koni ilirushwa mbali, mita kama ishirini, nikaikimbilia kwa furaha zote, nimeinama naiweka kwenye alama yake nasikia nimevutwa reflekta kwa nyuma nusura nianguke. Mama mmoja mtu mzima, ameshafanya mchezo huu miaka mingi, hakusema kitu, alininyooshea kidole tu. Gari iliyofuata ilikuwa inaingia kwenye sehemu yetu. Ikapita. Afu akaniambia mwanangu, koni ni plastiki, iache ilale. Tangu siku hiyo nikikimbilia koni nakwenda nimetazama gari zinakotoka, naiokota kwa mkono mmoja huku uso uko kwenye njia, na kama gari imekaribia naiacha narudi. Dereva anayekuja akikuta koni haipo atapewa raundi nyingine. Wewe hupewi mguu mwingine.

Sasa kuhesabu. Kila koni imezungushiwa alama ya chokaa au rangi kwenye kitako chake. Koni ikianguka, imehesabiwa. Ikibaki imesimama lakini imetoka yote nje ya alama, imehesabiwa. Ikibaki imesimama na kitako chake bado kinagusa alama hata kwa ukingo tu, haihesabiwi, irudishe sawa na unyamaze. Kwahiyo ukifika usiishike kwanza. Inama uangalie kitako. Kuna wanaoipiga teke irudi kabla hawajaangalia afu hawajui waseme nini redioni, hapo umemdhulumu mtu, au umemwonea huruma, vyote vibaya.

Redioni sema fupi: kituo, namba ya gari, idadi. "Kituo cha tatu, gari 47, koni mbili." Subiri wajibu. Kama gari imeruka geti: "Kituo cha tatu, gari 47, imetoka njia." Usianze kusimulia.

Bendera nyekundu: ikunje mkononi, usiipeperushe hovyo manake dereva ataona rangi atasimama bure. Ikihitajika, inua juu na uipungie kwa nguvu dereva anayekuja aione mapema. Gari ikizunguka na kukwama, au ikimwaga mafuta, au mtu akiwa njiani, simamisha gari zinazokuja kwanza, ndo mwende. Kwanza bendera, baadae huruma. Na mtungi wa moto: vuta pini, elekeza chini penye chanzo cha moto sio kwenye ndimi za juu, bana. Ila kumtoa dereva ndo mwanzo, gari itanunuliwa nyingine.

9. Gridi.
Hii ndo foleni ya gari zinazosubiri kuachiwa. Ukiitwa uwe tayari kwenye gari magari matano kabla ya zamu yako, mkanda umefungwa, helmeti imebanwa kidevuni, vioo kama walivyosema. Usiache gari gridi ukaenda kununua soda. Jaribu kanyaga breki mara mbili tatu. Kama gari inashirikiwa na madereva wawili, mjipange mapema namna ya kubadilishana, na namba mlangoni mbadilishe, hili linavuruga watu wa muda kuliko yote.

Watoto na wanyama hawaingii gridi. Na usimwendee mtu aliyekwisha vaa helmeti kumpa ushauri, mwache na mawazo yake.

10. Kuanza.
Anayekuachia akikuonyesha mkono, huo sio mwanzo wa muda. Muda unaanza ukikata mwale wa taa za saa, ambazo kwa kawaida ziko mita kadhaa mbele. Kwahiyo huna haja ya kuruka kama umeshtuliwa, vuta pumzi, kumbuka kona ya kwanza, ondoka. Usipoamriwa usisogee, hata kama unaona njia nyeupe.

11. Njiani.
Tazama mbele, koni mbili tatu mbele ya ile unayoipita. Raundi ya kwanza lengo lako liwe moja tu: kumaliza njia sahihi. Koni moja ni sekunde 2 za ziada kwa sheria za SCCA na vilabu vingi vinafuata hivyo, ila ukiruka geti raundi nzima inafutwa, kwenye ubao unawekewa DNF, yaani hukumaliza. Koni hulipii hela, usiogope, plastiki inainuka.

Ukiona bendera nyekundu: simama. Haraka ila kwa utulivu, bila kufunga breki mpaka ukazunguka. Baki hapo, usishuke, subiri mashali (mtu wa kituo cha koni) akuelekeze. Utapewa kurudia raundi, hupotezi kitu. Dereva anayeendelea mbele ya bendera nyekundu eti "sikuiona" mara nyingi anafungashwa siku hiyohiyo, na mimi naunga mkono.

Ukikuta koni imelala mbele yako ambayo hujaigusa wewe, au imehama: simama karibu nayo, inyooshee kidole mashali aone. Vilabu vingi vinakupa kurudia. Ila ukipita ukamaliza kwanza uone muda ulivyo ndo ulalamike, umechelewa, muda huo ni wako.

Gari ikianza kuzunguka na hairudi tena: klachi na breki kwa pamoja, miguu yote miwili, usukani uache utulie. Gari ya otomatiki breki tu. Usipambane nayo, ukiachia breki katikati ya mzunguko inaweza kushika lami ghafla ikarukia upande ambao hukuutegemea, na huko kuna mtu mwenye reflekta.

12. Kumaliza.
Ukikata mwale wa pili umemaliza, muda umeshasimama, kwahiyo breki hapohapo kwenye mstari ulionyooka mpaka mwendo wa kutembea kabla hujatoka kwenye eneo la koni. Ajali za kijinga zinatokea hapa, mtu anageuza shingo asome muda wake kwenye ubao huku gari bado ina moto. Muda utauona, hautoroki.

Rudi gridi au padoki (pale mlipoegesha) taratibu. Kama breki zimepata moto usivute hendibreki, acha gari kwenye gia.

13. Baada ya raundi zako.
Hujamaliza. Zamu yako ya koni ipo palepale, na anayeondoka bila kufanya kazi anafutiwa muda wote na asishangae msimu ujao akikosa nafasi. Pombe hapana mpaka njia imefungwa kabisa, na hiyo ni hata kwa aliye kwenye koni. Saidia kukusanya koni, ni robo saa tu watu wote wakishika.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kufungua mlango wa gari ya mtu au kukaa ndani bila kupiga hodi. Kuazima jeki na kuirudisha ikiwa imechoka. Kugombana na mtu wa muda kwa sababu ya koni moja, tena kwa sauti, wakati hata hukuiona ikianguka kwa kuwa ulishapita. Kama kweli una mashaka nenda taratibu baada ya kundi lako kumaliza, uliza kituo gani kiliripoti, ukubali jibu. Kutangaza visingizio vya matairi. Kubadilisha matairi na upepo na kila kitu kwa wakati mmoja, afu hujui kilichokusaidia ni kipi.

Na lingine dogo: ukipanda kama abiria na mzoefu, vaa helmeti, usiguse kitu, usipige kelele za kumwambia kona. Anaijua.

Ikikutokea hivi

*Mkanda unalegea, nateleza kwenye kiti.* Rudisha kiti nyuma kidogo, vuta mkanda kwa ghafla mpaka ukwame, ushikilie umekwama, afu sogeza kiti mbele. Utabanwa vizuri mpaka umalize.

*Pedali ya breki imekuwa laini baada ya raundi mbili.* Usiende ya tatu. Mafuta ya breki yamepata moto au yamezeeka. Acha ipoe, fungua boneti angalia kiwango, jaribu ukiwa umeegesha. Ikirudi kuwa ngumu, angalia tena kabla ya gridi. Isiporudi, siku yako ya kuendesha imeisha, na kurudi nyumbani nenda kwa tahadhari au tafuta wa kukuvuta.

*Nimezunguka na sasa kuna taa zimewaka kwenye dashibodi.* Toka njiani, egesha, zima, washa tena. Ya ABS au ya kuzuia kuteleza mara nyingi inazimika yenyewe. Ya oili au ya joto ikiwaka usiwashe tena mpaka ujue kwanini.

*Nimepotea njia katikati.* Punguza mwendo kabisa, usigeuze kurudi ulikotoka, manake kuna gari nyuma yako ipo njiani. Tafuta sehemu inayoendelea mbele ufuate mpaka kutokea, au simama umwangalie mashali akuonyeshe mkono. Raundi imeshafutwa tayari, huna cha kuokoa.

*Nina DNF tatu mfululizo.* Unakwenda kasi kuliko kumbukumbu yako. Raundi inayofuata endesha kama unampeleka bibi hospitali, ukariri, ya mwisho ndo uongeze. Kama kuna mapumziko ya mchana na njia imefunguliwa, katembee tena.

*Pembeni mwa tairi pameliwa mpaka kwenye maandishi.* Upepo mdogo. Chora choki kutoka kwenye uso wa tairi ikishuka pembeni, endesha raundi moja, angalia choki imefutika mpaka wapi. Ikifutika mbali chini pembeni ongeza upepo, ikibaki hata kwenye kingo za uso wa tairi punguza.

*Muda wangu haukutokea kwenye ubao.* Saa imekosa kukushika, inatokea. Nenda kwa watu wa muda bila presha, kwa kawaida utapewa kurudia.

*Mvua imeanza.* Mchezo unaendelea isipokuwa kukiwa na radi, na ukiwa kwenye koni usisubiri kuambiwa, radi ikisikika uliza redioni. Raundi ya kwanza ya mvua tumia nusu ya nguvu uliyozoea ujue lami inashikaje.

*Gari inagonga gonga nikirudi nyumbani.* Simama pembeni, kaza nati za matairi. Bora zaidi zikaze kabla hujatoka uwanjani, matairi yakishapoa, afu rudisha upepo ulioandikwa mlangoni.